Kutoka stendi hadi mlango wa wizara: Dodoma na ndoto ya mji mkuu

Ikulu ya Chamwino, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 20 Mei 2023, haihitaji kutambulishwa kwa mtu aliyewahi kupita Magogoni. Kuta ni zile zile nyeupe, na matao ni yale yale. Ni Ikulu ya Dar es Salaam iliyopandishwa bara, mamia ya kilomita kutoka baharini, ikawekwa kwenye ardhi kavu ya Wagogo.

Magogoni yenyewe ina historia yake. Wajerumani ndio waliotangulia kujenga jumba la gavana pale. Mizinga ya Waingereza ikalibomoa mwaka 1914, na mwaka 1922 Waingereza wakajenga lao juu ya mabaki hayo. Msanifu wao, John Sinclair, alikuwa amefanya kazi Zanzibar kwa miaka mingi, na alipenda kuchanganya matao ya Kiarabu na ukumbi wa Kizungu ili utawala wa kigeni uonekane kama una asili ya pwani. Kwa hiyo nusu karne baada ya TANU kuamua kuuacha mji wa bandari uliokuzwa na wakoloni, tumeijenga upya nyumba ya gavana wao katikati ya nchi.

Wapo watakaosema hilo ni jambo la kawaida. Magogoni imekuwa nyumba ya marais wetu tangu uhuru, na kwa Mtanzania aliyezaliwa baada ya 1961 matao yale ni ya Nyerere kuliko ya gavana yeyote. Ni hoja yenye uzito. Lakini inazua swali ambalo karibu kila taifa changa lililojenga mji mkuu wake limekutana nalo: taifa jipya lina sura gani, na nani anaichora?

Makala haya yanashikilia kwamba sura hupotosha. Ukitaka kujua mji mkuu unamwona raia kwa jicho gani, acha kwanza kuta na paa, upime umbali: mtu aliyeshuka kwenye basi anatembea kiasi gani, katika jua gani, na kupita mageti mangapi, hadi aufikie mlango wa serikali yake. Kwa kipimo hicho Dodoma ina hadithi ya pekee miongoni mwa miji mikuu iliyochorwa mezani karne iliyopita, kwa sababu mchoro wake wa kwanza ulikusudia umbali huo uwe mfupi.

Kwa nini zege

Kati ya miaka ya 1950 na 1980 nchi nyingi zilizotoka kwenye ukoloni, pamoja na Brazil iliyokuwa huru zamani, zilijenga miji mikuu mipya kwa mtindo unaofanana: zege lisilofichwa, mistari iliyonyooka, madirisha marefu, mapambo hakuna. Usanifu huu wa usasa ulizaliwa Ulaya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wengi wa wasanifu wake walikuwa Wazungu. Kwa nini basi viongozi waliopigana kuwaondoa Wazungu waliukumbatia?

Sababu ya kwanza ni kwamba haukuwa mtindo wa gavana. Utawala wa kikoloni ulipenda nguzo za Kirumi, kuba na matao, hivyo ukuta mtupu wa zege ulionekana kama kufungua ukurasa mpya. Sababu ya pili ina uzito zaidi kwa nchi zenye makabila na dini nyingi: zege halina kabila. Nigeria ilipoamua mwaka 1976 kuhamishia makao makuu Abuja, ilitafuta mahali ambapo Mhausa, Myoruba na Muigbo wote wangekuwa wageni. Mpango wa mji ulikamilika mwaka 1979, na eneo la katikati likachorwa na Mjapani, Kenzo Tange. Wagbagyi waliokuwa na mashamba yao pale ndio waliogundua kwamba mahali pasipo pa mtu palikuwa kwao.

India ilitangulia. Ugawanyiko wa 1947 uliiacha Lahore, mji mkuu wa Punjab, upande wa Pakistan, na jimbo likabaki bila makao makuu. Jawaharlal Nehru alitaka mji ambao ungekuwa uso wa India mpya, na mwaka 1951 kazi ikakabidhiwa kwa Le Corbusier, Mswisi aliyechukua uraia wa Ufaransa, akisaidiana na binamu yake Pierre Jeanneret na Waingereza Maxwell Fry na Jane Drew. Chandigarh ikagawanywa kwa sekta za mstatili wa mita 800 kwa 1,200, kila moja na shule, maduka na bustani zake. Kwa maisha ya kila siku, sekta hizo zimewafaa wakazi wengi. Majengo ya serikali ni habari nyingine. Le Corbusier aliyatenga kaskazini kabisa mwa mji, akainua vilima vya udongo ili mji usionekane kutoka pale. Kati ya Bunge na Mahakama Kuu aliacha uwanja wa zege wa mamia ya mita usio na kivuli, katika nchi ambayo joto la Juni hupita nyuzi 40. Uwanja huo ulikusudiwa kuwa wa wananchi. Baada ya waziri mkuu wa Punjab kuuawa kwa bomu nje ya jengo la Sekretarieti mwaka 1995, ulinzi ulikazwa, na leo mgeni huingia kwa kibali na kuongozwa.

Brasília ilifunguliwa tarehe 21 Aprili 1960, miaka mitatu tu baada ya mchoro wa Lúcio Costa kushinda shindano. Rais Juscelino Kubitschek alikuwa na haraka, na msanifu Oscar Niemeyer alimpa majengo yanayoonekana kama hayagusi ardhi. Jengo la Bunge lina njia ya mteremko inayopanda hadi kwenye paa lake bapa, kati ya mabakuli mawili makubwa ya zege, moja limefunikwa na jingine limeangalia juu. Kwenye picha, hakuna mji uliowahi kuitangaza demokrasia kwa uzuri kiasi hicho. Chini ya paa hilo, mji wenyewe ulichorwa kwa ajili ya mwenye gari. Barabara kuu hazikuwekewa taa za kuongozea magari, na vibarua waliojenga mji hawakuwa na nafasi ndani ya mchoro. Taguatinga, mji wa pembeni uliowapokea, ulianzishwa 1958, yaani kabla makao makuu yenyewe hayajazinduliwa. Wananchi wamewahi kulipanda paa lile mara mbili kwa kishindo: Juni 2013 katika maandamano ya kudai huduma, na tarehe 8 Januari 2023 wafuasi wa rais aliyeshindwa walipovamia Bunge, Ikulu na Mahakama ya Juu.

Dhaka inaonyesha jinsi jengo linavyoweza kumgeuka aliyeliagiza. Mwaka 1962 serikali ya Pakistan ilimpa kazi Mmarekani Louis Kahn achore Bunge katika jimbo lake la mashariki, ili Wabengali wajione ni sehemu ya taifa moja. Vita vya 1971 vilikuta kuta zikiwa zimesimama nusu, na Bangladesh ikazaliwa. Kahn akafariki 1974, jengo likamalizika 1982, na leo limo kwenye noti za nchi ambayo liliagizwa ili isizaliwe. Wabengali hawakulichora wala hawakuliagiza, lakini wamelichukua.

Jirani zetu wa Malawi walihamia Lilongwe mwaka 1975. Rais Kamuzu Banda alitaka kuinua jimbo la kati alikotoka, na Uingereza ilipokataa kutoa fedha, mkopo ulitoka Afrika Kusini ya makaburu, pamoja na wataalamu wa mipango miji. Matokeo yake ni mji wa bustani uliotawanyika, ambamo Capital Hill, kilima cha wizara, kimetengwa na mji wa zamani wa masoko na maduka kwa kilomita kadhaa na hifadhi ya msitu. Anayefahamu ubaguzi ulivyopanga miji ya Afrika Kusini ataitambua mara moja namna ile ya kuweka msitu kati ya ofisi na soko.

Ramani ya Toronto, lugha ya ujamaa

Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma baada ya matawi ya chama kuulizwa nchi nzima. Sababu zilizotolewa zilikuwa tatu. Dodoma iko katikati ya nchi. Ina reli tangu 1910, na barabara kuu zinakutana hapo. Zaidi ya yote, serikali inayohubiri kilimo na vijiji ingekaa mbali na bandari iliyofanywa makao makuu na Wajerumani. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu aliijua kwa herufi zake CDA, ikaundwa, na George Kahama akawa mkurugenzi mkuu wake. Muda uliowekwa ulikuwa miaka kumi.

Mpango kabambe ulitoka mwaka 1976, kazi ya kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Ukiusoma leo unashangaza kwa yale yasiyomo. Hakuna njia kuu ya gwaride inayoelekea kwenye Ikulu, wala mnara wa kuonekana kutoka mbali. Nyerere alikuwa akihubiri kwamba maendeleo yaanzie kijijini, na wachoraji waliuchukua ujamaa kama kanuni ya kupanga mji. Dodoma ingekuwa mfululizo wa jumuiya, kila moja na shule, zahanati, soko na mashamba madogo karibu, zikiunganishwa na njia maalumu ya mabasi. Anayekwenda kwa miguu angepewa kipaumbele, kisha mwenye baiskeli, kisha abiria wa basi, na gari binafsi lije mwisho. Majengo yangekuwa mafupi, yakifuata miinuko ya ardhi badala ya kuisawazisha. Ofisi za serikali zingekaa ndani ya mji, mahali ambapo mtu anayekwenda sokoni hupita.

Ukiweka mchoro huo kando ya ule wa Brasília, unaona watu waliotazama nchi maskini na kukubali kuwa ni maskini, wakapanga mji ambao mtu asiye na gari angeweza kuuishi. Zege na mistari ya usasa vilikuwemo, ila majivuno yake yaliachwa nje.

Lakini mambo hayakuwa safi kiasi hicho. Kampuni ile ilianzishwa na Macklin Hancock, ambaye jina lake lilitokana na Don Mills, kitongoji kilichojengwa nje ya Toronto kuanzia miaka ya mwanzo ya 1950. Don Mills nayo iligawanywa kwa mitaa inayojitegemea, kila mtaa na shule yake, na mikanda ya kijani katikati. Wazo la mtaa unaojitosheleza liliondoka Kanada likiwa dawa ya familia za tabaka la kati, likafika Dodoma na kubatizwa ujamaa. Hilo halilifanyi kuwa baya. Linaonyesha tu kwamba kile tulichokiita sura yetu kilikuwa na wazazi wengine.

Visiwani, Mzee Abeid Amani Karume alikuwa ameshachukua njia tofauti kabisa. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, majumba ya Michenzani yalianza kupanda Ng'ambo mwishoni mwa miaka ya 1960: maghorofa marefu ya zege yanayokutana kwa umbo la msalaba, yaliyolengwa kumhamisha mkazi wa kibanda cha udongo na kumweka kwenye nyumba yenye bomba na umeme. Muungano mmoja ulikuwa na picha mbili za maendeleo kwa wakati mmoja. Zanzibar ilitaka kijiji kipande ghorofani, na Bara ikataka mji mkuu ufanane na kijiji.

Tembe lilikuwa pale pale

Kilichosahaulika katika mjadala wote huo wa Toronto na Dar es Salaam ni kwamba Dodoma tayari ilikuwa na usanifu wake.

Tembe la Kigogo ni nyumba ndefu na fupi kwa kimo. Nguzo za miti huchimbiwa ardhini, fito hufungwa kati yake, kisha ukuta hukandikwa udongo. Juu hulazwa magogo, matawi na nyasi, halafu tabaka nene la udongo hushindiliwa mpaka paa linakuwa bapa. Mtu mrefu huinama mlangoni. Nyumba huzunguka ua, na ng'ombe hulala humo humo, chini ya macho ya wenyewe. Mchana, jua la Septemba linapochoma mawe, ndani ya tembe kuna ubaridi na giza la kupumzisha macho, kwa sababu udongo ule mnene huchukua saa nyingi kupata joto. Usiku wa Juni, Dodoma inapokuwa na baridi kali kwenye mwinuko wake wa zaidi ya mita 1,100, udongo huo huo hurudisha joto ulilolihifadhi. Nchi ya mvua chache inaweza kumudu paa bapa la udongo, na Wagogo waliligundua hilo bila kusubiri mtu wa kutoka ng'ambo.

Paa bapa, mistari mirefu ya mlalo, ua wa katikati, ukuta usio na pambo: haya ndiyo mambo ambayo wasanifu wa usasa waliyasifu katika vitabu vyao. Lakini miaka hiyo hiyo tembe lilihesabiwa kuwa dalili ya kubaki nyuma. Operesheni Dodoma, iliyoanza mapema miaka ya 1970, iliwatoa Wagogo kwenye makazi yao ya kutawanyika na kuwapeleka vijijini, na kampeni ya nyumba bora ikawataka wajenge kwa tofali na bati. Bati linajulikana kwa kila aliyekaa chini yake saa saba mchana. Kwa hiyo mji mkuu uliobuniwa kwa jina la kijiji ulizungukwa na vijiji ambavyo serikali yenyewe ilikuwa ikivivunja na kuvipanga upya.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Dar es Salaam, msanifu wetu Beda Amuli alikuwa akijenga Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Alichukua zege la usasa na kuligeuza miavuli mikubwa inayosimama kwa nguzo moja moja, ili muuzaji na mnunuzi wakutane kivulini huku upepo ukipita, kama gulio la chini ya miti. Moto wa Julai 2021 uliunguza soko hilo, lakini hoja ya Amuli ilinusurika: jengo linaweza kuwa la kisasa na la hapa kwa kushughulikia jua na upepo wa hapa, bila kubandikwa ngao wala mikuki ukutani. Dodoma haikupata Amuli wake. Miaka ya 1980 kituo cha mji mkuu kilichorwa na Mmarekani James Rossant wa New York, na sehemu kubwa ya mchoro huo ilibaki kwenye karatasi.

Mwenye ardhi ni CDA

Ndoto ya miaka kumi ilikwama haraka. Bei ya mafuta ilipanda kuanzia mwisho wa 1973, ukame ukafuata, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na vita vya kumwondoa Idi Amin vikaja 1978 na 1979. Serikali isiyo na fedha za kigeni za kununua vipuri haijengi mji mkuu. Mawaziri walibaki Dar es Salaam, na Dodoma ikawa mahali pa kwenda kwa vikao. Chama kilijenga ukumbi wa Chimwaga, ambako CCM ilimteua Benjamin Mkapa mwaka 1995. Bunge likaanza kukutana Dodoma miaka ya 1990, na ukumbi wake mpya ukafunguliwa 2006. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Dodoma kikapewa Chimwaga, na wanafunzi wakaja kwa maelfu kabla ya makatibu wakuu.

Katika miaka hiyo yote ya kungoja, mpango haukulala. Uliishi katika mkono wa CDA, iliyokuwa mwenye ardhi, mpimaji, mtoa kibali na mbomoaji kwa pamoja. Mahali pengine nchini hati ya kiwanja hutolewa kwa miaka 99. Dodoma ilikuwa 33. Nyumba zilizojengwa nje ya ramani ziliwekwa alama ya X. Eria A, Eria C na Eria D, majina yanayonukia meza ya mpima ramani, zilipata barabara na maji. Chang'ombe ilijijenga yenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa sababu wapagazi, mama lishe na mafundi hawakuweza kusubiri kiwanja kilichopimwa. Mji uliochorwa kwa ajili ya mtembea kwa miguu ulikuwa unamfukuza mtembea kwa miguu huyo huyo pale alipoweka kibanda. Rais John Magufuli alipoivunja CDA tarehe 15 Mei 2017 na kuhamishia kazi zake kwa Manispaa, na hati zikaelekezwa kuwa za miaka 99, wakazi wengi wa Dodoma walipokea habari hiyo kama uhuru wa pili.

Kilomita 17

Safari iliyosuasua zaidi ya miaka 40 ilikamilika kwa kishindo cha miaka mitatu. Julai 2016 Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma ndani ya kipindi chake. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia mwaka huo huo. Mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na sheria ikapitishwa ya kuitambua rasmi kuwa makao makuu. Aprili 2019 Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa, ofisi za ghorofa moja zikiwa zimejengwa kwa miezi michache.

Mtumba iko kilomita zipatazo 17 mashariki mwa mji, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Uamuzi huo una sababu zake. Ardhi ilikuwepo, na kulipa fidia katikati ya mji kungekula miaka na mabilioni. Wizara zilizotawanyika Dar es Salaam kwa mitaa mingi sasa ziko pamoja, na mtu mwenye shida ya wizara mbili anaweza kuzimaliza siku moja. Awamu ya pili imeleta maghorofa yenye hadhi kuliko vibanda vya kwanza, na mtumishi anayefanya kazi humo hana sababu ya kuyaonea aibu.

Sasa mfuate mwalimu kutoka Manyoni anayefuatilia suala lake TAMISEMI. Basi linamshusha stendi kuu ya Nanenane, Nzuguni. Ofisi hiyo zamani alikuwa akiikuta mjini. Leo anatafuta daladala ya Mtumba au anapatana bei na dereva wa bajaji. Akifika, anakuta barabara pana za lami zilizopimwa kwa msafara wa magari, miti bado midogo, na kila wizara ikiwa na kiwanja chake, uzio wake na geti lake. Bahasha iko kwapani, jua liko utosini. Getini anaandika jina, namba ya simu na anayekwenda kumwona. Akiambiwa afisa yuko kikaoni, hana duka la kukaa wala msikiti au kanisa la kujisitiri hatua chache kutoka hapo, kama ambavyo angekuwa navyo karibu na Jamatini. Akiambiwa aje kesho, anarudi mjini kulala, na kesho anaianza safari upya.

Mifumo ya mtandaoni imepunguza safari nyingi za aina hiyo, na hilo ni jema. Lakini anayebaki kulazimika kwenda mwenyewe ni yule ambaye shida yake haikuenea kwenye fomu: mjane wa mirathi, mstaafu ambaye jina lake limekosewa herufi. Umbali unamwelemea mtu ambaye tayari ana mzigo.

Maghorofa ya awamu ya pili yana kuta kubwa za vioo. Kioo kinachotazama jua la magharibi Dodoma kinageuza ofisi kuwa tanuri, na tanuri linapozwa kwa kiyoyozi kutwa nzima. Tembe lilikuwa na jibu la bure kwa swali hilo. Amuli naye alikuwa nalo. Kinachoonekana Mtumba ni jengo ambalo lingeweza kusimama Dubai au Nairobi bila mtu kuuliza, na Chamwino ni jengo lililokwisha kusimama Magogoni. Mawili hayo yamejengwa na taifa lile lile, miaka ile ile.

Kipimo

Mtu anaweza kusema mpango wa 1976 ulikufa pamoja na ujamaa, na kuomboleza ramani ya Wakanada ni kupoteza muda. Ujamaa kama siasa ya uchumi ni mada nyingine. Ila kanuni moja ya ramani ile haikutegemea siasa yoyote: kwamba wengi wa raia wa nchi hii huenda kwa miguu au kwa basi, na kwa hiyo mji mkuu wao upimwe kwa hatua zao. Hilo lilikuwa kweli 1976, na ni kweli leo, ambapo sensa ya 2022 imelikuta Jiji la Dodoma na watu 765,179, na treni ya umeme iliyoanza safari 2024 inawashusha abiria wa Dar es Salaam kwa saa chache.

Historia ya Chandigarh, Brasília na Lilongwe inaonyesha pia kwamba umbali ukishachorwa huwa mgumu kufutika. Majengo hupakwa rangi upya, sanamu huhamishwa, hata majina ya mitaa hubadilishwa na kila awamu. Barabara na mipaka ya viwanja hudumu kuliko serikali zilizoipima. Ndiyo maana miaka hii, kabla Mtumba haijajaa, ina thamani kuliko miaka itakayofuata.

Mpango Kabambe wa sasa wa Jiji la Dodoma unafika 2039. Ndani ya muda huo yapo mambo yasiyohitaji msanifu wa kigeni wala fedha za kutisha. Soko na nyumba za kuishi zinaweza kuruhusiwa kati ya wizara, ili Mtumba iwe na watu baada ya saa tisa na nusu alasiri na mgeni apate chai na pa kulala. Basi la uhakika linaweza kuunganisha stesheni ya treni, Nanenane na mageti ya wizara. Njia za miguu zinaweza kupandwa miti inayohimili ukame wa Dodoma, upande wa magharibi wa barabara, ambako jua la alasiri linatokea. Wizara zinaweza kuacha dirisha moja la pamoja la huduma mjini, kwa ajili ya yule mjane na yule mstaafu. Na Bunge, ambalo linapitisha fedha za maghorofa hayo na lenyewe liko ndani ya mji, linaweza kudai kwamba kila mchoro wa jengo jipya la serikali uje na maelezo mawili yaliyo wazi: jengo litapozwaje bila kutegemea umeme, na mwananchi aliyeshuka kwenye daladala atalifikiaje. Mchoro usiojibu maswali hayo urudishwe kwa aliyeuleta, hata kama kwenye picha unapendeza.